Uchumi Ukianguka Nani Hulipa, na Ukiinuka Nani Hupata?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi yetu)



Tumetakiwa leo tuseme juu ya jambo ambalo kila mtu hulijua kwa tumbo lake kabla hajalijua kwa akili yake. Nalo ni namna uchumi wa nchi unavyoanguka, namna unavyoinuka tena, na namna mambo hayo mawili yanavyowagawa watu katika wenye nacho na wasio nacho. Twapenda kulieleza kwa utaratibu, bila ya matusi na bila ya kelele, kwani twaamini kuwa mwanachama mmoja aliyelielewa jambo barabara huwafaa wenzake zaidi kuliko kumi waliozoea kupiga makofi tu.

Kila mwaka husomwa bajeti, na kila mwaka huambiwa kwamba uchumi umekua kwa kiasi kadha wa kadha katika kila mia. Mtu akiuliza mbona mfuko wake yeye haukukua, huonekana mtovu wa shukurani. Sisi twasema kuwa muulizaji huyo ana haki. Hesabu ya kukua kwa uchumi hueleza ukubwa wa chungu kilichopikwa. Haielezi nani kapakuliwa na nani kaambulia ukoko.

Kwa hiyo hatuna budi kutenganisha vipimo viwili ambavyo aghalabu huchanganywa. Cha kwanza ni umasikini: ni watu wangapi katika kila mia ambao pato lao halitoshi chakula, nguo na mahitaji ya lazima. Cha pili ni tofauti ya pato: ni umbali gani uliopo baina ya aliye juu na aliye chini. Wataalamu hukipima hiki cha pili kwa namba iitwayo Gini. Namba hiyo ikiwa 0, maana yake watu wote wanapata sawasawa. Ikiwa 1, maana yake mtu mmoja kachukua vyote na wengine hawana kitu. Vipimo hivi viwili si ndugu wa kufuatana. Kimoja chaweza kupanda na kingine kikashuka katika mwaka ule ule, na asiyelijua hilo hudanganywa kwa urahisi.

Mfano wetu mkubwa tumeuchukua kutoka Indonesia, nayo si nchi ngeni kwa masikio ya watu wa visiwa hivi. Kwa miaka mingi Indonesia ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu, ikizitumia katika sigara zake ziitwazo kretek. Ilipozidi kupanda mikarafuu yake yenyewe hata ikajitosheleza katika miaka ya 1980, bei ya dunia ilianguka, na hapana nyumba ya mkulima wa Pemba isiyoyajua yaliyofuata. Basi na tuwatazame wenzetu hao, ambao nao ni watu wa visiwa, tuone yaliyowafika.

Kabla ya mwaka 1997 Indonesia ilikuwa ikisifiwa ulimwengu mzima. Kwa muda wa miaka thelathini, chini ya utawala wa Suharto, uchumi wake ulikua kwa kasi na masikini wakapungua kweli kweli. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini ndani ya jengo lile zuri zilikuwamo nguzo zilizoliwa na mchwa. Makampuni makubwa yalikopa dola za nje bila ya hadhari. Benki zilikuwa mali ya watu wale wale waliokuwa wakizikopa. Na biashara nene nene zilikabidhiwa jamaa wa Rais.

Hata karafuu haikusalimika. Mwishoni mwa mwaka 1990 liliundwa shirika la mnunuzi mmoja, BPPC, likasimamiwa na mtoto wa Rais, Hutomo Mandala Putra. Lilipewa mikopo ya Benki Kuu na haki ya pekee ya kununua kwa mkulima na kuviuzia viwanda vya sigara. Kiwanda kikauziwa kwa bei ya juu na mkulima akalipwa bei ya chini. Karafuu zilipolirundikia shirika maghalani, mwaka 1992 wakulima wakashauriwa wapunguze mikarafuu yao kwa nusu. Angalieni mambo hayo: mkulima atie moto mali yake ili mnunuzi asipate hasara.

Tarehe 2 Julai 1997 fedha ya Thailand ilianguka, na hofu ikavuka bahari. Mwezi wa Agosti Indonesia nayo ikaiachia rupia yake ielee. Dola moja, iliyokuwa ikipatikana kwa kiasi cha rupia 2,400, ilifika zaidi ya rupia 16,000 katika Juni 1998. Tarehe 1 Novemba 1997, kwa mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, benki 16 zilifungwa kwa siku moja. Wenye akiba katika benki nyingine, walipoona hivyo, wakakimbilia kutoa fedha zao, na benki zilizokuwa zikisimama zikaanza kuyumba. Mwaka 1998 pato la nchi lilipungua kwa kiasi cha 13 katika kila mia, bei za vitu zikapanda kwa zaidi ya 70 kwa mia, na bei ya chakula ikawa zaidi ya maradufu. Katika Mei serikali ilipandisha bei ya petroli kwa ghafla. Yakatokea machafuko ambamo zaidi ya watu elfu moja walikufa, na tarehe 21 Mei Suharto alijiuzulu baada ya miaka 32.

Sasa tuulize: nani alianguka? Kwa hesabu ya serikali yao, mwaka 1996 watu 17.5 katika kila mia walikuwa masikini. Mwisho wa mwaka 1998 walikuwa 24.2 katika kila mia, yaani kutoka milioni 34 hadi karibu milioni 50. Thamani ya ujira ilipungua kwa kiasi cha thuluthi moja. Waliopigwa zaidi ni watu wa miji ya Java: wafanyakazi wa ujenzi, wa viwanda na wa mabenki. Lakini mkulima wa kakao wa Sulawesi, ambaye zao lake huuzwa kwa dola, alipata rupia nyingi kuliko wakati wowote. Msukosuko ule ule ulimtoa machozi mmoja na kumchekesha mwingine, kwa kadiri mtu alivyokuwa akiuza nini, na akinunua nini.

Hesabu ya wasio na kazi, hata hivyo, haikupanda sana. Ilipanda kwa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Je, hiyo ndiyo dalili ya nafuu? Hata kidogo. Mtu asiye na akiba hana uwezo wa kukaa bila ya kazi. Aliyefukuzwa kiwandani alirudi kijijini akalima kijishamba kilichokuwa kikiwatosha watu watatu sasa kikawa cha watu watano, au alichuuza barabarani. Alihesabiwa kuwa ana kazi, na njaa yake haikuhesabiwa.

Na hapa ndipo penye ajabu. Katika miaka hiyo ya shida, namba ya tofauti ya pato ilishuka, kutoka kiasi cha 0.36 mwaka 1996 hadi 0.31 mwaka 1999. Wahenga wetu walisema aliye juu mngoje chini. Basi walio juu walishuka. Lakini masikini aliyewangojea chini hakupanda hata daraja moja, bali naye alishuka. Ngazi ilifupika kwa sababu ilididimia matopeni. Usawa wa namna hiyo hatuutaki, na yeyote atakayewaleteeni namba ya usawa bila ya namba ya umasikini, mwambieni arudi akailete ya pili.

Fauka ya hayo, namba yenyewe ina upungufu wake. Hupatikana kwa kupita nyumba kwa nyumba na kuuliza matumizi, na milango ya matajiri wakubwa haifunguki kwa urahisi. Mwenye dola zake nje ya nchi alizidi kutajirika kwa kila siku ambayo rupia ilianguka. Mwenye akiba kubwa benki alilipwa riba iliyozidi 60 kwa mia kwa mwaka katikati ya mwaka 1998, na tangu Januari ya mwaka huo akiba yake ilikuwa imedhaminiwa na serikali.

Dhamana hiyo ililipwa na nani? Ili kuziokoa benki, serikali ilitoa hati za deni za karibu rupia trilioni 650, kiasi kinachozidi nusu ya pato la nchi la mwaka 1999. Ndani ya mzigo huo zimo rupia trilioni 144.5 ambazo Benki Kuu ilizimwagia benki zilizokuwa zikizama, na mwaka 2000 wakaguzi wa hesabu za serikali waliarifu kuwa sehemu kubwa kabisa ya fedha hizo ilitumiwa kinyume cha taratibu. Wenye benki walikuwa wachache, nao faida waliila peke yao. Hasara ikawa ya umma, ikalipwa kwa kodi mwaka baada ya mwaka, na mchuuzi wa mboga ambaye hajapata kuingia benki maisha yake akawa mmoja wa walipaji.

Hatusemi kwamba hapakuwa na jema. Tangu katikati ya mwaka 1998 serikali iliziuzia nyumba masikini mchele kwa bei nafuu, kilo 10 kwa mwezi na baadaye 20, na watoto wengi walipewa ruzuku wasitoke skuli. Mambo hayo yalisaidia. Na shirika lile la karafuu lilivunjwa mwaka 1998, na katika miaka iliyofuata mkulima aliona bei ambayo hakuiona kwa muda mrefu.

Ndugu zetu, kuanguka tumekwisha kukueleza. Kuinuka nako kwataka kuelezwa, kwani huko ndiko watu wengi hulala usingizi. Indonesia iliinuka. Kufika mwaka 2014 masikini walikuwa kiasi cha 11 katika kila mia, chini ya nusu ya walivyokuwa mwaka 1998. Hilo ni jambo kubwa na tunalikiri. Lakini katika muda huo huo namba ya tofauti ya pato, iliyokuwa kiasi cha 0.30 mwaka 2000, ilipanda ikafika 0.41. Yaani watu walitoka matopeni, lakini ngazi ilirefuka kuliko ilivyokuwa kabla ya mporomoko.

Sababu zake zaeleweka. Kabla ya mwaka 1997 uchumi ulikua kwa viwanda vya nguo na viatu vilivyoajiri watu wengi wenye elimu ndogo. Baada yake ulikua zaidi kwa makaa ya mawe na mafuta ya michikichi, mali ambazo huhitaji ardhi kubwa na mtaji mkubwa, na faida yake huingia mikono michache. Kazi nzuri zilizopatikana zilikuwa za waliosoma sana, na wengi wa wengine wakabaki na kazi za mkataba mfupi au za kujitafutia. Mwenye mtaji na mwenye shahada walipanda gari la moshi. Mwenye mikono mitupu akafuata kwa miguu. Sote twakwenda mbele, ni kweli, lakini kila saa ipitayo huwatenga zaidi.

Tena uko mwaka mmoja ambao twataka muukumbuke. Baina ya mapema 2005 na mapema 2006 uchumi wa Indonesia ulikuwa ukikua kwa zaidi ya 5 kwa mia, na serikali ikigawa fedha taslimu kwa mamilioni ya nyumba masikini ili kuwapunguzia makali ya bei ya mafuta. Hata hivyo masikini waliongezeka, kutoka 16 hadi karibu 18 katika kila mia. Kwa nini? Sababu kubwa ilikuwa bei ya mchele, uliokuwa umezuiliwa kuingia kutoka nje. Masikini hutumia sehemu kubwa ya pato lake kwa chakula, na masikini walio wengi, hata wa mashamba, hununua mchele zaidi kuliko wanavyouza. Uchumi ulipanda, na sufuria ikashuka.

Huenda wakatokea watu wakasema: hayo ni majaaliwa, na nchi ndogo haina la kufanya mbele ya tufani ya dunia. Kuwajibu tunawaendea watu wa kisiwa kingine, kilicho mbali nasi kwa kila hali ila uchache wa watu: Iceland. Mwaka 2008 watu wake walikuwa kama 320,000, wachache kuliko watu wa Pemba peke yake. Katika Oktoba ya mwaka huo benki zake 3 kubwa, Landsbanki, Kaupthing na Glitnir, ambazo mali zake zilikuwa zimefika karibu mara 10 ya pato la nchi kwa mwaka, zilianguka katika muda wa siku chache. Fedha yao ikapoteza kiasi cha nusu ya thamani. Wasio na kazi, waliokuwa kiasi cha 2 katika kila mia, wakafika 9. Watu walikwenda mbele ya bunge wakipiga masufuria, na serikali ikaanguka mwanzoni mwa 2009.

Tazameni walichofanya. Hawakuzibeba hasara zote za benki kwa mgongo wa raia. Benki za zamani ziliachwa zifilisike, na wadai wake wakubwa wa nje wakabeba sehemu yao. Fedha zilizuiliwa zisikimbie nchi, na kizuizi hicho hakikuondolewa kikamilifu mpaka mwaka 2017. Walikopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, wakapunguza matumizi na kuongeza kodi. Lakini tangu 2010 kodi ya pato ilipangwa kwa ngazi 3, ili mwenye pato kubwa atoe zaidi, na misaada ya walio chini ikahifadhiwa kuliko matumizi mengine. Uingereza na Uholanzi zilipotaka raia wadhamini akiba za watu wao zilizopotea katika Landsbanki, jambo hilo lilipelekwa kwenye kura ya wananchi. Mwezi wa Machi 2010 watu 93 katika kila mia walikataa. Walikataa tena mwaka 2011, na mwaka 2013 mahakama ya nchi za EFTA ikawapa haki.

Matokeo yake ni kwamba namba ya tofauti ya pato ilishuka kutoka kiasi cha 0.30 hadi 0.24 katika miaka michache. Hatusemi kwamba hawakuumia. Pato la wote lilipungua, na wenye mikopo ya nyumba waliteseka mno, kwa sababu deni lilipanda pamoja na bei za vitu. Wala hatusemi kwamba hali yao ni kama yetu: wao wana elimu iliyoenea, wana samaki wa kuuza, na wafanyakazi wao karibu wote wamo katika vyama. Tunachosema ni kimoja. Tufani ililetwa na dunia, lakini mgawo wa hasara uliamuliwa na watu wenyewe kwa sheria zao.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga mahoteli, kukua kwa uchumi wa Zanzibar kulishuka kutoka kiasi cha 7 kwa mia hadi 1.3. Mfanyakazi wa hoteli aliyerudi kijijini akashika jembe la babake, au akaingia katika ngarawa ya ami yake, hakuonekana katika hesabu ya wasio na kazi, sawasawa na mwenziwe wa Java. Watalii walirejea baadaye na mahoteli yakajaa. Je, ujira uliporejea ulirejea wote? Kijana aliyeuza pikipiki yake ili nyumba ile, ameipata tena? Nani aliyenunua viwanja vya pwani wakati wenyewe walipokuwa na dhiki? Hayo ndiyo maswali ya wakati wa kuinuka, na kila tawi laweza kuyauliza katika mtaa wake bila ya kumngoja mtaalamu.

Twapendekeza wanachama wayashike mambo manne. La kwanza, kila tusomewapo kukua kwa uchumi tudai na namba mbili nyingine: masikini ni wangapi, na tofauti ya pato ni kiasi gani, tena zitolewe kwa Unguja na Pemba mbali mbali, na kwa mji na mashamba. La pili, msaada kwa wanyonge uwekwe tayari kabla ya shida kuingia, kwani paa haliezekwi mvua ikinyesha. Mchele wa Indonesia ulifika Julai, na watu walikuwa wamekwisha kufa Mei. La tatu, deni lolote litakalobebwa kwa jina la umma lijulikane na umma: limekopwa na nani, limefanya nini, na nani ameidhinisha. La nne, bei ya chakula na bei ya zao la mkulima zitazamwe kuwa ndizo bajeti ya kweli ya masikini. Mwaka 2011 bei ya karafuu kwa mkulima ilipandishwa kwa kiasi kikubwa, na faida yake ilionekana katika mapaa ya bati na katika ada za skuli. Haki yake ipewe. Lakini bei inayotegemea hisani ya mnunuzi mmoja leo, kesho yaweza kushuka kwa amri ya huyo huyo, na mkulima hana pa kwendea.

Ndugu Mwenyekiti, shida itarudi. Hatujui itakuja kwa maradhi, kwa vita vya mbali, kwa bei ya mafuta au kwa benki iliyooza. Lakini hapana nchi iliyoepukana nayo daima, na nchi ya visiwa inayoishi kwa zao moja na wageni hupigwa mapema. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba siku itakapofika, sheria ya kugawa mzigo imekwisha kuandikwa, na imeandikwa na wengi. Twawaomba makatibu wa matawi waanze mwezi huu kukusanya bei za mchele, unga, mafuta ya taa na ujira wa kibarua katika kila kijiji, wazitie katika daftari, na wazilete ofisini kila mwisho wa mwezi. Serikali ikituletea hesabu yake, nasi tuwe na yetu.